Wati Sita

Niliichomeka mita ukutani usiku wa kwanza wa baridi,
ikanisomea shtaka: wati tisini na nne.
Tisini na nne, na hakuna anayetazama chochote!
Urve amelala, mimi nimesimama na soksi moja,
na lile sanduku chini ya televisheni linanguruma
kama mgeni aliyekula akashiba, sasa anakoroma kwetu.
Kikulacho ki nguoni mwako, na changu
kilikuwa kimevaa vumbi na kitaa cha buluu.

Hapa Tartu umeme hubadili bei kila saa.
Watu huuliza bei kabla ya kuwasha sauna,
hufua nguo saa tisa za usiku kama wezi wa sabuni.
Nami, fundi umeme wa kiwanda cha mkate miaka thelathini na moja,
niliyewakemea wenzangu kwa balbu zilizosahauliwa,
nilikuwa nafuga mla bure sebuleni.

Nikafungua daftari.
Taavet, mtoto wa dada yangu, akaja na ushauri wa vijana:
"Mjomba, nunua yenye nguvu, usije ukajuta."
Nguvu za nini? Sihesabu nyota.
Nataka icheze harusi ya Maire, kanda nne,
kwaya ya kiwanda tukiimba mvuani,
na filamu za Jumapili ambazo Urve huzisinzia katikati
kisha huamka na kuniuliza nani amekufa.

Ya kwanza ilikuwa ubao mtupu, kama biskuti,
chipu nje, haina hata shati.
Ilikula wati tatu, lakini picha zilikwama,
Maire akaenda madhabahuni kwa kigugumizi.
Ya pili ilikuwa nzuri, ila ina feni
ndogo kama sarafu. Na kidogo chenye kelele,
atakwambia yeyote aliyelala na mbu chumbani,
hakichoki.
Ya tatu siisemi. Bei yake ilikuwa matusi.

Ya nne niliipata mtumba,
imetoka ofisi ya bima iliyofungwa,
bado ina kibandiko: dawati namba kumi na saba.
Ukubwa wa kitabu cha sala, mgongo wa mbavu za alumini
zinazotoa joto polepole, kama mkate uliotoka tanurini.
Muuzaji, mama mmoja mwenye glavu za kijani,
aliniwekea mkononi kwenye maegesho, theluji ikianguka.
"Ni mpole," akasema. "Hakunisumbua hata siku moja."
Ungedhani anaoza binti.

Kuhamisha mafaili kulichukua siku mbili.
Nikalizima lile sanduku. Mita: sita.
Filamu ikicheza, tisa.
Nikamwita Urve aje aone tarakimu.
Akaja, akasema vizuri, akarudi kwenye viazi.

Kisha usiku.

Sikujua ile kelele ilikuwa imefunika nini.
Saa ya jikoni. Lifti ikisita ghorofa ya tatu.
Bomba la joto likinung'unika ndani ya ukuta.
Na Urve, niliyedhani amelala,
akishusha pumzi kama mtu anayepanga sentensi.
Kimya kingi kina mshindo, wanasema.
Sikujua mshindo wenyewe waweza kuwa mdogo hivi.

"Heldur," akasema, "miaka minane
nakuita kutoka jikoni, huitiki.
Nikadhani hutaki."

Nilitaka kusema ni feni.
Ilikuwa feni. Haikuwa feni tu.

Nikaketi. Sebuleni, kitaa kimoja cheupe,
punje ya chumvi, kikikesha peke yake.
Niite sasa, nikamwambia.
Akaniita, kwa sauti ya chini kabisa,
ile ya wati sita,
nami nikaitika.

Akaomba maji.
Nikaenda nikiwasha kila taa njiani;
saa hiyo umeme ulikuwa rahisi.